LUKU Moja, Vyumba Vinane: Tafuta Kilichokula Kabla ya Kumtafuta Aliyekula

Nyumba nyingi za kupanga hapa Dar es Salaam zina mita moja ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, na wapangaji watano, sita, hata wanane. Mita iko koridoni, kila mtu anaipita akienda kuoga, na karibu hakuna anayeisoma. Wanachosoma watu ni nyuso. Umeme ukikata saa tatu usiku mpira ukiwa unaendelea, macho hugeukia mlango mmoja, na mara nyingi ni mlango wa mtu ambaye hata jana hatukuwa tukimpenda sana.

Nimepanga miaka kumi na minne: Tandale, kisha Mwananyamala, sasa Tabata. Kila nyumba niliyokaa niliishia kuwa mtunza hela ya umeme, kwa hiyo nimesikiliza malalamiko mengi kuliko ninavyoweza kuyakumbuka. Naandika kwa ajili ya mtu aliye kwenye nyumba ambayo watu wameanza kupishana bila salamu. Ombi langu ni moja: tafuta kilichokula umeme kabla ya kumtafuta aliyekula. Ukianza na mtu, utampata, maana mtu wa kulaumiwa hakosekani, na umeme utaendelea kuisha vilevile.

Nimepanga kwa dalili, kwa sababu hakuna anayegonga mlango wangu akiwa na chanzo mkononi. Watu huja na hasira.

Dalili: "Juzi tu tumeweka wa elfu kumi, leo umekwisha"

Anza na hesabu, na ifanyike mkiwa mmekaa pamoja uwani. Usiifanye peke yako chumbani halafu ukatoka na hukumu. Uniti moja ni kifaa cha wati 1,000 kikifanya kazi saa moja. Wati zimeandikwa kwenye kibandiko chini au nyuma ya kila kifaa. Zidisha wati kwa saa za matumizi, gawanya kwa 1,000, umepata uniti.

Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka saa sita kila usiku inakula uniti moja na nusu hivi kwa mwezi mzima. Ndiyo maana ule ugomvi wa "fulani amelala na taa" hauna faida yoyote, uacheni. TV ya wati 50 kwa saa tano kila siku ni uniti saba na nusu. Friji dogo likiwa zima hukaribia uniti moja kwa siku, na huzidi hapo mpira wa mlango ukilegea au likisukumwa hadi ukutani likakosa pa kupumulia. Feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi usiku ni uniti 18 kwa mwezi.

Hapo kwenye feni tusimame kidogo. Kuanzia Desemba hadi Machi Dar hapalaliki bila feni. Vyumba vinane vikiwasha feni nane, hizo ni uniti 144 ambazo mwezi wa saba hazikuwepo. Kwa kundi la bei la T1, ambalo nyumba nyingi za namna hii zimo, bei ya msingi niliyoizoea ni shilingi 292 kwa uniti, kwa hiyo joto peke yake limeleta zaidi ya shilingi 42,000 kabla ya kodi na tozo. Hakuna aliyeiba. Nimeona ugomvi wa LUKU ukianza Januari na kupoa Juni bila mtu yeyote kubadilika tabia, na kila Juni kuna anayeamini kwamba maneno yake makali ndiyo yaliyowanyoosha wenzake. Kama mnagombana Januari, andikeni tu kwamba mchango wa miezi ya joto ni mkubwa kuliko wa miezi ya baridi, mkubaliane kiasi mapema.

Kama mita yenu iko kundi la D1, lile la matumizi madogo, kuna chanzo kingine. Huko uniti 75 za kwanza za mwezi zilipangiwa shilingi 100 kila moja, na zinazozidi hapo shilingi 350. Elfu kumi ya tarehe 3 na elfu kumi ya tarehe 20 haziwezi kuleta uniti sawa.

Dalili: Nyumba nzima inamtaja mtu mmoja

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu niliwahi kuwa upande wa wanaotaja.

Mwananyamala, mwaka 2021, chumba cha tatu alikaa kijana aliyekuwa akifanya kazi duka la viatu Kariakoo. Alikuwa na sabufa. Akirudi saa moja jioni anaweka singeli, na vikombe vya kabatini kwangu vinaanza kugongana. Umeme ulipoanza kuisha haraka, hatukuhitaji kikao. Tulijua. Tukampandishia mchango kutoka elfu tano hadi elfu nane, akalipa bila kubisha. Umeme ukaendelea kuisha, tukasema basi anapiga hata mchana tukiwa hatupo. Baada ya miezi mitatu akahama.

Wiki mbili baada ya yeye kuondoka, tokeni ya elfu ishirini iliisha kwa siku zilezile. Ndipo kwa mara ya kwanza nikaisoma mita badala ya kusoma watu.

Mita za LUKU zina kitaa chekundu kinachopepesa kadri umeme unavyotumika. Kwenye yetu paliandikwa 1000 imp/kWh, maana yake kitaa kikipepesa mara elfu moja, uniti moja imekwenda. Jumapili mchana tulikubaliana kila chumba kizime kila kitu, halafu tuwashe kifaa kimoja kimoja. Nikachukua kigoda nikakaa chini ya mita, saa mkononi. Tukawasha sabufa ya chumba cha sita, aina ileile ya yule kijana, wati 40. Nikasubiri. Kitaa kikapepesa. Nikasubiri tena, watoto wakaanza kuchoka, kikapepesa mara ya pili. Dakika moja na nusu hivi kati ya mpepeso na mpepeso, na hapo sauti ilikuwa imefunguliwa hadi majirani wa nyumba ya pili wakachungulia.

Kisha mama wa chumba cha kwanza akachomeka jagi lake la kuchemshia maji, wati 2,000. Kitaa kikaanza kupepesa zaidi ya mara thelathini kwa dakika. Hakuna aliyesema kitu. Jagi lenyewe lilikuwa limetulia juu ya meza likitoa mvuke.

Yule mama alikuwa na watoto watatu. Alichemsha maji ya chai, ya kuogesha, ya uji, na ya chai tena jioni. Dakika kumi hapa, kumi na tano pale. Nusu saa tu kwa siku ni uniti 30 kwa mwezi, na yeye alivuka nusu saa. Sabufa kwa saa nne kila jioni haifiki uniti tano.

Nimeliwaza jambo hili mara nyingi tangu siku ile. Sabufa inasikika, jagi halisikiki. Kinachotukera tunakihesabu kwamba ndicho kinachokula, kana kwamba kelele zinatoka moja kwa moja kwenye mita. Tena kijana alikuwa mpita njia, hana mke, hana salamu ndefu. Mama wa chumba cha kwanza ndiye aliyekuwa akituletea sahani ya futari kila Ramadhani. Mtu aliyekulisha tambi na kaimati huwezi kumtuhumu, hata wazo lenyewe haliji.

Dawa ya dalili hii ni jaribio hilo la kitaa, lifanyike kabla jina la mtu yeyote halijatamkwa. Mkishapata jibu, kitajwe kifaa. Asitajwe mtu. Tulimtuma dada wa chumba cha nne aende kuzungumza na mama chumbani kwake, wanawake wawili, mlango umerudishwa. Alirudi na jibu ambalo sijalisahau: "Anasema, mbona kanachemsha upesi hivyo, alijua kanakula kidogo." Wengi wanaamini hivyo. Kifaa kikimaliza kazi haraka tunadhani kimetumia kidogo, kumbe kimevuta kingi kwa mara moja. Tulikubaliana achemshe mara moja asubuhi, kiasi kinachohitajika tu, ajaze chupa ya chai, na aongeze elfu tano kwenye mchango. Jagi alibaki nalo. Watoto watatu wanahitaji maji ya moto, na hilo hakuna aliyelipinga.

Dalili: Mtu mmoja analalamika kwamba hela yake huleta uniti chache kuliko za wenzake

Mwaminini, halafu mwombeni ujumbe wa malipo.

Tulikuwa na mwalimu chumba cha tano aliyependa kununua umeme tarehe mosi, kabla hela haijaingia kwenye mambo mengine. Mwaka 2022 alianza kusema wenzake wanamfanyia mchezo: yeye akinunua wa elfu kumi anapata uniti ishirini na tano, mwingine akinunua wiki inayofuata anapata ishirini na nane. Tulimwona ana kisirani. Jioni moja akaniletea simu yake, kioo kimepasuka kona, akapitisha kidole kwenye ujumbe mstari kwa mstari mpaka kwenye makato. Kodi ya jengo, shilingi 1,000.

Kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia LUKU mwaka 2021, wakati huo kwa shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Hukatwa mita inaponunuliwa umeme mwezi mpya, kwa hiyo anayewahi ndiye anayekatwa. Mwalimu alikuwa akiwahi kila mwezi, na kila mwezi alilipa yeye, miezi saba mfululizo, huku sisi tukimwona mgomvi. Nyumba ikikaa miezi bila kununua umeme, makato hujikusanya na kumwangukia atakayekuwa wa kwanza kununua.

Marekebisho ni mepesi. Kodi ile ni ya mwenye jengo, kwa hiyo mzungumze naye ikatwe kwenye kodi ya pango. Sisi tulipiga picha jumbe zote za mwalimu, tukampelekea baba mwenye nyumba, akanung'unika kisha akakubali. Akikataa, igawanyeni vyumba vyote sawasawa, asiibebe mmoja kwa sababu tu ana nidhamu ya kuwahi.

Mwaka 2024 kulikuwa na jambo linalofanana na hili, mita zilipokuwa zinafanyiwa maboresho na mnunuzi akaletewa tokeni tatu badala ya moja. Kuna waliodhani mtu amechezea mita. Zilikuwa tarakimu ishirini, mara tatu, na zilipaswa kuingizwa kwa mpangilio zilivyokuja. Ujumbe wote wa malipo usifutwe, na ikiwezekana utumwe kwenye grupu la nyumba siku hiyohiyo.

Dalili: Vyumba vyote vimezimwa na mita bado inakula

Hapa kuna tatizo la kweli la waya, lisichukuliwe kama la majirani. Zimeni kila kitu, friji pia, mchomoe chaja zote, mkae dakika kumi mkitazama kitaa. Kikiendelea kupepesa, kuna umeme unaokwenda mahali msipopaona: taa ya nje ya ukuta wa nyuma, pampu ya maji, waya uliopita chini kwenda kwenye kibanda cha jirani, au nyaya zilizochubuka darini zinazovujisha. Kuvuja ni hatari kwa maisha, hasa msimu wa masika ukuta ukilowa. Mtu akigusa bomba au bati akahisi kutekenywa, zimeni swichi kuu muda huohuo.

Mwiteni fundi umeme mwenye leseni akague nyaya za ndani. Mita yenyewe na sili zake msiziguse hata kwa bisibisi ndogo, hiyo ni kazi ya TANESCO, shirika la umeme, na kuichezea mita ni kosa la jinai. Kama waya umekwenda kwa jirani, kwanza muulizeni mwenye nyumba. Mara nyingi yeye ndiye aliyekubaliana na jirani miaka mingi kabla hamjahamia, na amesahau kuwaambia.

Dalili: Kuna mtu hachangii

Vyanzo ni vingi kuliko "hana adabu", ingawa neno hilo ndilo linalotangulia.

Cha kwanza ni kwamba hana hela na anaona aibu kusema. Utamjua kwa sababu anabadilisha saa zake. Anatoka alfajiri kabla mlango wa mtunza hela haujafunguliwa, anarudi usiku akitembea kwa ncha za vidole, na akipigiwa simu hapokei ila anatuma ujumbe, "Nipo kwenye daladala, nitakucheki." Huyu ukimdai koridoni mbele za watu atajibu kwa jeuri, kwa sababu jeuri inamgharimu kidogo kuliko kusema "sina". Mfuate peke yako. Usimuulize atalipa lini. Muulize ana kiasi gani leo. Mtu mwenye elfu mbili anaogopa kuitoa akidhani ni dharau, kumbe ndiyo inayomrudisha kwenye daftari. Nimepokea mchango wa mia tano mia tano kwa wiki tatu kutoka kwa dereva wa bodaboda ambaye pikipiki ilikuwa imezuiwa. Mwezi uliofuata alilipa kamili na akawa wa kwanza.

Cha pili, alisafiri. Mtu aliyekuwa Tanga siku ishirini kwenye msiba anaona si haki kulipa sawa na aliyelala hapa. Ana hoja. Lakini kama friji lake lilibaki linanguruma chumbani, hoja inapungua nusu.

Cha tatu, hamwamini mtunza hela. Hili linatuhusu sisi tunaotunza. Nilipokuwa Tandale nilikuwa nakusanya hela na kununua umeme bila kumwonyesha mtu ujumbe, nikiamini uaminifu wangu unajulikana. Kumbe kulikuwa na minong'ono tangu mwezi wa pili. Siwalaumu. Mtu hawezi kuona moyo wangu, anachoweza kuona ni karatasi. Siku hizi daftari linaning'inia kwenye msumari kando ya mita: tarehe, nani kalipa, uniti zilizopatikana, uniti zilizobaki tulipoweka. Kalamu imefungwa kwa uzi, maana zile za mwanzo tatu ziliondoka na watu.

Cha nne ndicho kigumu kukiona, kwa sababu mwenye nacho hadanganyi. Anaamini kabisa kwamba yeye ndiye anayechangia kuliko wote. Mwaka 1979 watafiti wawili nchini Kanada, Michael Ross na Fiore Sicoly, walichapisha utafiti ambao ndani yake wanandoa waliulizwa, kila mmoja kwa nafasi yake, anabeba sehemu gani ya majukumu ya nyumbani. Majibu ya mume na mke yakijumlishwa, mara nyingi yalizidi kazi yote iliyopo. Kila mmoja anakumbuka vizuri siku alizoinama yeye, kwa sababu mgongo uliouma ni wake.

Nilijaribu jambo hilo Tabata kuhusu kufagia uwanja. Niliwauliza wapangaji sita, mmoja mmoja, kila mtu amefagia mara ngapi mwezi uliopita. Jumla ilifika arobaini na moja. Mwezi ulikuwa na siku thelathini, na kuna siku nyingi majani ya mwembe yalilala mpaka kesho yake, nimeyaona kwa macho yangu. Sidhani kuna aliyekusudia kusema uongo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejipa mara tisa, na nilipokaa kuzikumbuka moja moja nilifika tano.

Kwa chanzo hiki, kubishana hakusaidii, kila upande utaapa na kila upande utakuwa mkweli kwa anavyojua. Andikeni. Alama ya wino inayowekwa siku hiyohiyo haina kumbukumbu ya mgongo wa mtu.

Dalili: Ugomvi wa umeme umehamia kwenye maji

Nyumba ikiwa na pampu ya kuvutia maji, umeme na maji ni shauri moja. Pampu ikinguruma muda mrefu na tanki halijai, huenda inavuta hewa: valvu ya chini imechoka au kiungo cha bomba kinapumua. Inakula uniti bila kupandisha maji. Bomba linalodondoka nalo si la kudharau. Tega dumu la lita 20 chini yake usiku, asubuhi mtazame pamoja limefika wapi. Nimeona dumu limejaa na kumwagika kabla ya adhana ya alfajiri, na mazungumzo ya nani anaoga ndoo mbili yakaishia hapo. Jaribio la mita ya maji ni kama lile la umeme, fungeni koki zote mtazame kama namba inatembea.

Wakati wa mgao ni tofauti. Oktoba 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua na jiji likawekwa kwenye mgao, watu wapole kabisa walianza kuficha madumu chini ya vitanda. Msilete sheria mpya wakati huo. Hofu ya kukosa maji haisikii ratiba. Gawaneni kwa kichwa, kwa dumu, kila mtu akiona linavyojazwa, na mengine subirini mvua.

Dalili: Hakuna anayesema, lakini kila mtu anasikia

Mtu anaongea na simu koridoni kwa sauti ambayo aliye upande wa pili wa simu haihitaji. Kanga zenye maneno makali zinaanikwa zikielekea dirisha moja. Mtoto anafundishwa kusema, "Mama kasema wengine wanapika kwa umeme wa watu." Haya ni mafumbo, na mji huu unayajua. Aliyekusudiwa anaelewa, ila hawezi kujibu, kwa sababu akijibu ataambiwa, "Kwani nimekutaja?"

Chanzo karibu kila mara ni kwamba kuna swali lililokosa pa kuulizwa. Nyumba isiyo na kikao itafanya kikao kwenye kamba ya nguo. Tuliweka Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa kumi alasiri, dakika thelathini, daftari mezani, na sheria moja: lisilo kwenye daftari halisemwi kama shutuma, linaulizwa kama swali. "Friji lako lina mpira mzima?" linajibika. "Wewe unatumaliza" halijibiki. Mkishindwa kabisa, kuna mjumbe, kuna serikali ya mtaa, na kuna kumwomba mwenye nyumba aruhusu sabmita, mita ndogo ya ndani, kwa kila chumba. Sabmita inamaliza hesabu. Anayefikiri itamaliza na kununiana aje Tabata, tunazo tangu mwaka juzi.

Dalili: Mliyemlaumu ameshahama

Kwa hili mita haina msaada, ila kuna la kufanya, na lifanywe upesi kabla namba ya simu haijabadilika.

Baada ya Jumapili ile ya kitaa nilikaa siku nne bila kumpigia yule kijana wa sabufa. Nilijipa sababu: yuko kazini, ameshasahau, hata hela yenyewe ilikuwa elfu tatu tu kwa mwezi. Siku ya tano tuliipiga hesabu ya kile tulichomzidishia, shilingi 9,000 kwa miezi mitatu, tukachanga, nikamtumia kwa simu kisha nikapiga. Alikuwa Mbagala, nilisikia kondakta akiita abiria nyuma yake. Nikamwambia tulipima, tukakuta si yeye, na kwamba tulimkosea.

Alikaa kimya kidogo.

"Kaka, ile sabufa nilishaiuza," akasema. "Hata mimi nilijua ndiyo iliyokuwa inakula."